Ugonjwa wa Ève

Kamina, 9 Machi 1986

Mdogo wangu Noémie,

Sisi wazima. Mvua inachelewesha mihogo kukauka.

Nilikuandikia kwamba mama mdogo Ngalula ndiye aliyemroga dada yetu Ève. Ichane barua ile. Daktari amepata majibu kutoka Ubelgiji, walikopima kipande cha ubongo wake. Ni ugonjwa: protini ya ubongo inajikunja vibaya na kuzikunja nyingine, mpaka ubongo unajaa matundu kama sponji. Ndiyo maana kwa miezi minne tu Ève alisahau majina ya wanafunzi wake, akayumba, akanyamaza, akafa. Hauna dawa. Hakuna aliyeutuma.

Jumamosi nilipanda treni mpaka Bukama, mama mdogo alikokimbilia tulipomfukuza. Nikamsomea karatasi ya daktari.

Akauliza, “Na weye, Ézéchias, ulisadiki minyi njo niliua Ève?”

“Nilisadiki kwamba ni wewe, mama.”

“Ni minyi njo nilikuwa namulisha na kijiko,” akasema.

Nilimwomba turudi sote. Alikataa. Lakini alinisindikiza mpaka stesheni, akanipa kapu la samaki wakavu kwa watoto wa Ève.

Mwandikie wewe, Noémie. Mimi nimekosa maneno.

Kaka yako,
Ézéchias