Vikwembe Vya Chama Chako

Papa,

Sheria ya mashamba haikupita. Nakuambia mapema, maana ungeniuliza hilo kabla hata ya salamu.

Uliondoka ukiamini itapita. Ulikuwa kiongozi wa chama hapa Baraka, ukatembea kwa miguu mpaka Mboko na Swima, ukiwaambia wote wanaolima ardhi ya babu zao bila karatasi: "Iyi sheria ikipita, hakuna mutu atatutosha tena." Walikupigia makofi, maana nani anataka kuondolewa kwenye shamba lake? Mimi pia nilikuamini.

Chama kilikuwa kimeshapasuka. Ulijua, lakini ulisema ni ugomvi wa bakubwa tu, utaisha. Ungeona matanga yako. Kambi ya mwenyekiti ilileta kikwembe chake cha chama, kitambaa chenye sura ya mwenyekiti, kufunika jeneza, kambi ya katibu ikaleta chake chenye sura ya katibu. Wakabishana kipi kikae juu, nawe umelala pale. Baba mdogo alichoka nao, akavikunja vyote viwili, akakufunika kwa shuka la Mama.

Kinshasa wamefanya yaleyale. Unawakumbuka wabunge wetu wawili, waliokula samaki wa mugebuka mezani kwetu? Yule wa kambi ya mwenyekiti ndiye aliyeipeleka sheria bungeni. Siku ya kura, yule wa kambi ya katibu akasimama na wenzake, wakatoka nje, waliobaki hawakutosha kupiga kura. Halafu redioni akasema anaiunga mkono sana sheria hiyo, ila si kwa jina la yule mwingine. Nilizima redio. Nina hasira, Papa, na sehemu ya hasira hiyo ni juu yako, uliyesema ugomvi utaisha.

Juzi amekuja mtu na karatasi za kutoka mjini, anasema shamba letu la Mboko amelinunua. Akapaka rangi nyekundu kwenye michikichi yetu, alama kwamba sasa ni yake, mmoja baada ya mwingine. Hata ule ulio kichwani pa kaburi lako.

Nilirudi nyumbani nikachukua vile vikwembe viwili, nikavilowesha mafuta ya taa, nikarudi kuisugua ile rangi. Nilianza na mchikichi wako. Nililia, nikasugua, mpaka sura za wakubwa wako zikafutika kwenye kitambaa. Rangi haikutoka yote.

Atarudi kupaka tena, najua. Atanikuta, maana nimehamia kwenye kibanda chako cha shambani, na matambara nimeyatundika mlangoni.

Lala, Papa. Kwenye chama chako sirudi. Hapa sitoki.

Mtoto wako,
Furaha