Maji Yanayoteleza

4 Machi

Shikamoo Kaka,

Natumaini kifua kimepungua na siku hizi unapata usingizi.

Kuna mlio umenikaa masikioni: bizimu ya mkanda wa Baba ikigonga saruji. Tulipokuwa wadogo ulikuwa mlio wa jioni, Baba akivua nguo za kiwandani uani kabla hajatugusa. Wiki iliyopita niliusikia barabarani, mchana kweupe.

Tulikuwa tunapita chini ya ghorofa moja, mfanya usafi akamwaga beseni dirishani. Maji yakamwangukia Baba shingoni. Nilicheka. Yeye akayasugua kwa vidole, akasema, "Yanateleza," na kabla sijafunga mdomo shati lilikuwa chini, mkanda chini, kila kitu chini. Akatimua mbio kuelekea bomba lililo mbele ya benki. Askari wawili wakamdaka. Alikuwa akipiga kelele, "Niacheni nifike kwenye maji!" Mmoja akala kiwiko cha pua.

Yalikuwa maji ya kudekia, Kaka. Sabuni tu.

Ameshtakiwa kwa mawili: kitendo cha aibu hadharani, na kupambana na askari wakimkamata. Mjomba amemwekea dhamana. Mkanda wameushika kuwa kielelezo. Baba anasema atakubali kosa yaishe. Akikubali, itaandikwa kwamba baba yetu ni mtu wa kujivua mbele za watu. Wewe ulipika naye sabuni. Nieleze, nami nikamweleze hakimu.

Mdogo wako


19 Machi

Mdogo wangu,

Kifua ni kile kile, tumeshazoeana. Barua yako niliisoma nimesimama mpaka chai ikapoa.

Soda ya kupikia sabuni ikikugusa haichomi papo hapo. Kwanza inateleza, unadhani umesalimika. Ndiyo maana Baba alitufundisha: ikiteleza, vua, kimbilia maji, maswali baadaye. Kulikuwa na jamaa tukimwita Mtanashati. Ilimmwagikia mapajani, akasita kwa sababu akina mama wa kufungasha walikuwepo. Wakampigia kelele, "Vua wewe, una nini cha ajabu!" Yeye anatafuta pa kujificha. Alitoka hospitali anachechemea. Mimi iliponimwagikia, Baba alinichania suruali mbele ya zamu nzima. Nilimnunia wiki, lakini ngozi ya miguu ninayo yote.

Asikubali. Nitaomba ruhusa nije kusema haya mwenyewe. Msimamizi wangu ana roho ya jiwe, ila nitaomba.

Kaka yako


21 Aprili

Shikamoo Kaka,

Pole na kazi. Nilimsomea Baba barua yako. Alitabasamu pale kwa Mtanashati, basi.

Mahakamani Baba alikana mashtaka. Nilisimama kueleza, karani akanikalisha: mimi si wakili. Hakimu si mtu mbaya. Alimwambia, "Mzee, lakini hapakuwa na soda." Baba akajibu, "Kweli, mheshimiwa, hapakuwa." Akaketi. Kiwandani wameniambia hawana mtu anayekumbuka mambo ya zamani.

Kila tukienda wanasoma mashtaka upya kwa sauti, kwamba alikuwa uchi wa mnyama, na mabenchi ya nyuma yanacheka. Mwanamke mmoja alimziba mtoto wake macho, na Baba amekaa pale na koti, vifungo vyote mpaka kooni.

Hilo koti halivui, Kaka. Anaoga uso na miguu. Analala nalo. Suruali ameifunga kwa kamba. Nikimwambia, "Baba, badilisha basi hata shati," anasema, "Nimeshavua ya kutosha."

Kesi imeahirishwa mpaka tarehe 16 Mei. Unakuja?

Mdogo wako


9 Mei

Mdogo wangu,

Mimi mzima leo, hata kifua kimenyamaza kwa furaha. Nimepata ruhusa! Ila inaanza tarehe 24. Ombeni waahirishe mara moja tu. Na nimempata Mtanashati kwa simu. Yuko tayari kumwonyesha hakimu mapaja yake. Anasema safari hii atavua bila kubembelezwa. Mwambie Baba ashikilie hapo hapo.

Kaka yako


17 Mei

Shikamoo Kaka,

Sijui nikuulize vipi hali leo. Barua yako ilifika mapema, nikamsomea yote. Kwa Mtanashati hakutabasamu.

Usiku wa kuamkia kesi alipata homa. Nilimfungua koti akiwa hajitambui vizuri. Shati lilikuwa limegandana na mwili. Shingoni na kiunoni ana vidonda, Kaka, vinatoa maji. Ngozi ile ile aliyokuwa anaiwahisha bombani. Nilipomgusa alizinduka, akanishika mikono yote miwili nisimfunue, akisema, "Mwanangu, watu."

Asubuhi alisimama mwenyewe akataka twende. Kwenye korido ya mahakama akaniuliza, "Tukiahirisha, watasoma tena?"

"Watasoma, Baba."

"Na huyo kaka yako akija?"

"Siku hiyo pia."

"Wewe ndiye uliyesoma. Niambie basi niseme nini."

Barua yako ilikuwa mkobani mwangu. Nilikuwa na haki upande wangu, na baba mbele yangu akinuka kidonda.

Amepewa kifungo cha nje. Mkanda walimrudishia, akauacha juu ya meza ya karani. Jana jioni aliniruhusu nimsafishe shingo.

Mwambie Mtanashati tunamshukuru. Sikukusubiri, Kaka. Nilimwambia aseme ndiyo kwa yote mawili. Alisema kwa sauti ndogo, karani akamtaka arudie, nami nikamwambia, "Rudia, Baba."

Mdogo wako