Filamu Yetu Imeonyeshwa Kalerwe

Mume wangu wa filamu,

Baba Zubeda, nimeshindwa kungoja. Najua marehemu haandikiwi barua, anaombewa dua. Dua nimekuombea. Sasa nisikilize: filamu yetu imeonyeshwa tena, na watu walijaa mpaka wengine wakakaa sakafuni!

Unakumbuka tulivyoanza? Watengeneza filamu walikuja kambi ya polisi kutafuta watu wa kuigiza kwa Kiswahili, kwa sababu kila waliyemjaribu mjini alikiongea kama anayeomba msamaha. Wewe mtoto wa Kinubi, uliyezaliwa palepale kambini. Mimi binti wa konstebo aliyetoka Gulu. Wakakufanya sajini, mimi wakanifanya mkeo. Siku ya kwanza nilitakiwa nikulilie unapoondoka kwenda vitani. Nikacheka. Tukarudia, nikacheka tena, mwongozaji akaanza kukunja uso. Ukanisogelea, ukaninong'oneza, "Dada, usinililie mimi. Lilia chakula ninachokiacha." Nikaitazama ile sahani ya maharagwe, machozi yakaja yenyewe.

Kwa muda watu walikuita Sajini kila ulipopita. Kisha wakaacha. Filamu nyingine haikuja, ukaenda kuuza magodoro, na ile sauti yako nzito ikawa ya kuitia wateja. Siku ya mazishi, nyumbani kwenu Kibuli, walikusifu kama mfanyabiashara mwema. Ni kweli, ulikuwa mwema. Ila mimi jambo moja liliniuma: hakuna aliyesema kwamba uliwahi kunyamazisha ukumbi mzima kwa kuvua kofia tu.

Binti yako Zubeda naye lilimuuma. Akamtafuta yule mpiga picha wetu wa zamani, akapata nakala, akakodi kibanda cha video Kalerwe, Jumapili mchana. Kazi ikabaki kumshawishi mkeo wa kweli. Unajua mwenyewe: Mama Zubeda hakuwahi kuitazama filamu ile. Miaka yote alinikaribisha, akanilisha vizuri, lakini filamu hapana. Eda yake ilipokwisha nilikwenda kumwomba. Akanijibu, bila hasira, kwamba hana nguvu za kumwona mume wake akimuaga mwanamke mwingine. Sikumbishia. Nilimwambia tutamwekea kiti karibu na mlango, akichoka atoke.

Akaja! Akakaa nyuma kabisa, mkoba mapajani.

Filamu ikaanza, na kumbe haina sauti. Picha ni safi, wewe huyo, kijana mwenye masharubu, midomo inacheza, kimya. Mwenye kibanda akagonga spika, akachomoa nyaya na kuzirudisha, wapi. Watu wakaanza kunung'unika, wengine wakasimama waondoke. Zubeda alikuwa karibu kulia. Sasa, Kalerwe wamezoea mfasiri anayeshika kipaza sauti na kusemea filamu za kigeni. Nikajiambia, basi leo mfasiri ni mimi. Nikakishika kile kipaza sauti, nikasema maneno yangu, na yote yalikuja. Lakini ulipofungua mdomo wewe, nikakwama. Maneno yako sikuwahi kuyashika. Ulipokuwa ukiongea, mimi nilikuwa nakutazama tu.

Ndipo sauti ya mwanamke ikasema kutoka nyuma, polepole: "Nikichelewa, usifunge mlango. Nitarudi nimechoka."

Watu wakageuka. Mama Zubeda alikuwa amesimama.

Kumbe ulikuwa ukijifunza maneno yako jikoni kwake, yeye akimenya ndizi! Kumbe alikuwa mkeo wa filamu kabla yangu! Akaja mbele, akanishika mkono, akakusemea mpaka mwisho. Pale unapomkaripia koplo, alikaripia hasa, na kibanda kizima kikaangua kicheko. Pale unapoaga, sikusikia hata mtu akikohoa. Baba Zubeda, hata sasa ninapoandika mwili unanisisimka. Makofi yalipoisha, mzee mmoja akamwuliza Zubeda jina lako kamili, akalirudia mara mbili ili asilisahau.

Nilitoka na Mama Zubeda, tukaenda kutafuta boda. Mimi nilikuwa naongea bila kupumua. Mwishowe nikamwuliza kama imemuuma kutuona.

Akasema, "Nimeangalia macho yake. Pale hakuwa anaongea na wewe. Alikuwa anaongea na mimi, jikoni."

Alisema akitabasamu, tabasamu ambalo sikuwahi kuliona usoni mwake. Nikamwambia ni kweli, na nikajua ni kweli. Akapanda boda, akashika mkoba wake, akaniambia Ijumaa nisipike, niende nikale kwake.

Kwa hiyo nitakwenda. Nawe pumzika kwa amani ya Mungu. Sikuiti tena mume, mkeo mwenyewe amekuchukua, na moyo wangu umejaa furaha.

Dada yako,
Akello