Koti la Baba Mnadani

Mjukuu wangu Paskali,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Balangdalalu tu wazima, na ng'ombe wako amezaa. Unauliza kama uwape nguo hao wanaopita milangoni.

Wakati wa vijiji vya Ujamaa alipita bwana mmoja, mpole kuliko katekista, akikusanya nguo za kuwasaidia waliohamia Basotu. Mama akampa koti la marehemu baba. Baadaye tukamkuta mnadani, nguo zetu amezitandaza chini. "Karibu, ndugu mama, bei ya kijamaa!"

Koti lilikuwa limeshanunuliwa, kijana amelivaa. Mama akamnyooshea kola. "Limekukaa, mwanangu."

Tangu hapo Mama hakukosa mnada, ingawa hatukuwa na cha kuuza. Alikwenda kulitazama likipita.

Wewe wape tu nguo usizozikumbuka. Sweta lako la shule bado liko msumarini hapa. Hilo hawalipati.

Bibi yako