Maseremala Wawili wa Televisheni

Yaya, kaka yangu mpendwa,

Jumamosi umeme ulipatikana hapa Uvira, kwa shangazi, na yule seremala kijana wa televisheni akatokea. Bado anaichekea kamera, bado shati lake ni jeupe. Nilimtazama peke yangu, nikakukumbuka.

Kule Sange, tukishafunga atelye yetu ya useremala, tulikuwa tunabishana mbele ya televisheni ya jirani. Mimi nilimpenda huyo kijana kwa mashine zake: mbao zinaingia hapa, kabati linatoka pale. Wewe ulimtaka mzee wa kipindi cha Jumapili, mwenye randa ya mkono, anayepapasa ubao kwanza kama mtu anayemtuliza mbuzi. Siku moja patasi ilimteleza, akapasua mguu wa kiti watu wote wakiona. Akautazama kidogo, akaanza mwingine. Ulipiga makofi.

"Uyu ndiye fundi," ulisema. "Ule wako, kila kitu inamukubali. Mbao gani haimukatalie muntu hata siku moja?"

"Yaya, weye unapenda kuteseka tu," nikakujibu. Mkeo Neema akacheka hadi akamwaga chai.

Kisha zikaja risasi. Tulikuwa tayari barabarani na mama na Neema, vifurushi kichwani, ulipogeuka kurudi kuchukua randa na misumeno. Nikakushika mkono.

"Kule tutakula nini?" ukaniuliza. "Tangulia na mama. Minye niko nakuya nyuma."

Tumekutafuta. Nimewauliza waliotoka Mutarule, waliotoka Runingu, na wanaorudi kutoka ng'ambo ya mto Ruzizi. Mmoja alisema atelye iliungua. Habari zako hakuna aliyekuwa nazo, na siku hizi nikiuliza watu hutazama pembeni.

Kipindi cha mzee hakionyeshwi tena. Amebaki kijana, naye hanifurahishi. Kila anachokigusa kinakwisha vizuri. Mimi sishiki tena mbao. Napakua magunia bandarini Kalundu, narudi, nalala.

Juzi asubuhi Neema alitoka chumbani amejifunga kitambaa cheusi cha msiba.

"Shemeji, sema kama minakosea," aliniambia.

Nikamsogezea kiti karibu na mama. Na mama, ambaye tangu tufike hapa amekuwa akitukemea kila tulipotaja kifo, alimshika Neema mkono akaanza kukulilia kwa jina lako.

Lala salama, yaya, popote walipokulaza.

Mdogo wako