Dudu wa Mgongo wa Chungwa

Jumanne, 1 Novemba 1960. Manyunyu tangu alfajiri, upepo hakuna.
Nimekagua maboga kabla ya chai. Majani yametobolewa. Dudu nisiowajua: mgongo rangi ya chungwa, tumbo jeusi, wakubwa kuliko punje ya mpunga. Umande huwafanya wazito. Nimekamata wachache, nikawatia chupani. Kitabu changu cha shule hakina picha yao.
Wifi Mize, mke wa kaka, kapita na ndoo. "Bi Msomi, majani yako yameota macho?" Akacheka. Anajua kaka alivyosema: maboga yasipozaa vuli hii, kiwanja cha nyuma atapewa yeye apande mihogo. Sina kingine ninachokiita changu.

Alhamisi, 3 Novemba. Jua kali.
Nimewapa dudu jani la boga, la bamia na la bilingani. Hata adhuhuri haijaingia, boga limebaki mishipa. Mengine hawakuyagusa. Sasa nawajua kwa tumbo lao, jina baadaye.

Ijumaa, 4 Novemba. Mawingu.
Nikipalilia ukingoni nimeona kifuu kimefunikwa jani la mgomba na kufungwa ukindu wa zambarau. Jani limepasuka. Ndani dudu wawili wafu. Wale wale.
Kwa desturi yetu, dudu wa shambani hufungwa kifuuni, wakasomewa dua, wakatupwa baharini. Hawatupwi kwenye tuta la mtu. Ukindu wa zambarau ni wa mkeka anaosuka Mize. Juma lililopita alikuwa Gando kwa mamake, na mamake analima matango.
Namchukia.

Jumamosi, 5 Novemba. Mvua ya asubuhi.
Nimemwekea kifuu mbele yake. "Mvua ilinikuta njiani nikikipeleka baharini, wifi, nikakitupa. Ningelijuaje kama wangali hai?" Hata kusuka hakuacha.
Muongo. Nilitaka kumwagia chupa nzima mapajani. Badala yake nimechuma jani la mmumunye wake, ule uliotambaa juu ya paa la jiko, anaoulea kama mtoto. Nimelitia chupani.

Jumapili, 6 Novemba. Mvua.
Jani la mmumunye limeliwa lote.

Jumatatu, 7 Novemba. Kumeanuka.
Nimeng'oa maboga yote, hata mashina yaliyokwisha kutoa maua. Uchungu. Nimeyafukia, nikapanda bamia kila tuta. Kaka kaniuliza nimeingiwa na nini. Nimemwambia dudu hawa hawali bamia, anipe muda hadi nichume. Kakubali kwa shida.
Kutwa dudu wamezunguka juu ya udongo mtupu. Sikukamata hata mmoja. Waone njaa. Watafute.

Alhamisi, 10 Novemba. Jua.
Wamefika paa la jiko.

Jumatano, 16 Novemba. Asubuhi ya umande, mchana kimya.
Bamia zimeota, mistari imenyooka. Kaka kaja kuzitazama, kachuchumaa, kasema, "Haya, kiwanja kilime." Mihogo hakuitaja.
Alasiri Mize kaja mlangoni na jani lililobaki wavu. Hakucheka. "Wifi, dudu gani hawa? We si umesoma?"
Nawajua. Najua saa wanapokuwa wazito, na jinsi ya kuwaokota kabla jua halijapanda. Mmumunye ungali na uhai shinani.
Nimesema sijui.
Kaenda zake. Nimemsikia jikoni akipanga vyombo polepole.
Nimeswali isha. Nalala, saa tatu na robo.