Vibuyu Saba Vilivyonuka Sabuni

Shikamoo, Mwalimu.

Ni mimi Neema, msaidizi wako wa makumbusho. Tangu tukuzike nafungua mlango kila asubuhi, nafuta vumbi, nakaa. Watoto wa shule wakija wananiuliza ngao hii ni ya nani, mzinga ule ulitoka boma gani, nami nabaki kumung'unya maneno. Nilipokusihi tuyaandike hayo, ulikuwa unacheka na kujigonga kichwani kwa kidole: "Yote yamo humu, Neema." Haya, yote tumeyafukia pamoja nawe kaburini kule Makumira. Nakupenda, lakini kwa hilo nimekukasirikia, tena sana.

Na mimi nina kosa langu, nisikilize. Wiki ya msiba nilijua waombolezaji wangepita kuona kazi yako. Nikataka papendeze. Nikavichukua vile vibuyu saba vya maziwa, nikavisugua kwa sabuni na maji ya moto, ndani na nje. Watu wakasifia, nikajiona mjanja.

Jumanne akaja bibi mmoja kutoka Nduruma. Alikuazima kibuyu cha marehemu mama yake, kitu pekee cha mama alichobaki nacho, na sasa alitaka kukirudisha nyumbani. Nikampangia vyote saba mezani, maana sikujua ni kipi.

"Usihangaike, mwanangu," akasema. "Nitakijua kwa harufu. Mama alikifukiza ndani kwa kijinga cha moto cha mti wa oloirien, na kila nyumba ina moshi wake."

Akafungua cha kwanza, akanusa. Cha pili. Alipomaliza cha saba akarudia cha kwanza. Jamani, Mwalimu! Vyote vilinuka sabuni yangu.

Nikapiga magoti, nikamwambia ukweli. Nikamsihi achague chochote. Akapakata kimoja kwa muda mrefu, kisha akakirudisha mezani.

"Hapana. Huenda huyu ni mama wa mwenzangu."

Nililia kuliko siku ya kukuzika.

Sasa nazunguka boma kwa boma kuwatafuta waliokuazima vitu, niwaulize kabla nao hawajaondoka. Nakuahidi, hakuna kitakachopita mlango ule tena kabla sijaandika ni cha nani na kilifanya kazi gani. Na sitaosha tena kitu cha mtu.

Pumzika, Mwalimu wangu. Yule bibi kabla ya kuondoka alinitajia jina la mama yake, nikaliandika mbele yake, herufi kwa herufi. Akaniuliza kibuyu chake nimekiandika cha ngapi. Hapo nimepaacha wazi.